Kumsomea Kasmiri

3 Januari

Tangu tuoane, mimi na Kasmiri tumekuwa tukikaa nje jioni na kuelezana siku ilivyokwenda. Siku hizi naeleza mimi tu, yeye ananitazama. Kiharusi kilimkuta Novemba shambani, tukiwa tunapanda pamba. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote. Hospitali walifanya walichoweza, wakaturuhusu kurudi Dutwa kabla ya Krismasi. Nimeanza kuandika kwa sababu nina mambo mengi ya kusema na sitaki kumchosha.

Huyu ni mtu aliyekuwa katekista wa kigango chetu hata kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Alifundisha, alizika, alipatanisha wagomvi, na Jumapili aliongoza zaburi, sisi wengine tukaitikia. Mimi nilikuwa Mwalimu Ernestina wa shule ya msingi mpaka nilipostaafu, lakini Biblia nyumbani aliisoma yeye. Nilisikiliza huku nikichambua mboga.

Jana nilimuuliza kama nimsomee, kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliinamisha kichwa kukubali. Sasa shida ni kwamba anakubali kila kitu. Nikiuliza chai, anakubali. Nikiuliza uji, anakubali. Muuguzi alituambia ugonjwa huu unavuruga hata ndiyo na hapana, na penseli tuliyompa mkono wa kushoto ilichora mistari tu. Basi nimeanza kumsomea bila kujua kama anataka.

6 Januari

Kila kitu katika Mwanzo kinatokea kwa sababu Mungu alisema. Sikuwahi kuliona hilo. Nilimtazama mume wangu nikafunga kitabu mapema.

11 Januari

Josia, kitinda mimba wetu, anaendesha malori na hakai nyumbani. Amemtuma mkewe Precious anisaidie. Precious amekulia Dar es Salaam. Ameshuka kwenye basi na kucha ndefu zenye rangi na simu inayoimba ndani ya pochi. Mahona, mdogo wake Kasmiri, alimwamkia kwa heshima, kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Msichana akajibu, "Marahaba," kana kwamba mzee kampa shikamoo. Mahona amecheka mpaka akaegemea ukuta, na sasa Dutwa nzima inajua.

Sijui atanisaidia nini.

15 Januari

Hakuna mvua.

19 Januari

Leo tumefika pale Mose anapoitwa. Anamwambia Mungu kwamba yeye si msemaji, ulimi wake ni mzito. Kasmiri aliweka mkono wa kushoto juu ya ukurasa. Nilidhani amechoka. Nilipotaka kufunga kitabu aliubonyeza mkono pale pale, nikaelewa, nikarudia. Akaweka mkono tena. Nikarudia tena. Machozi yalikuwa yanamtoka upande mmoja wa uso, ule unaofanya kazi.

Kwa hiyo anaelewa. Anaelewa kila neno.

Na mimi nimegundua kitu ambacho mahubiri yote niliyosikia hayakunionyesha. Mungu hakumponya Mose ulimi. Alimpa ndugu wa kumsemea. Nilikuwa ninasali kila asubuhi nikiomba ulimi wa Kasmiri ufunguke. Tangu leo ninasali pia tupewe mtu wa kutusaidia. Sijaacha ile sala ya kwanza, nimeongeza tu.

26 Januari

Deogratias amekuja na gari kutoka Bariadi mjini. Ndiye mzaliwa wetu wa kwanza, anafanya kazi halmashauri, na hajawahi kuniletea aibu. Leo ameniudhi.

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha baba yake akaanza kunieleza mimi. "Mama, pale kwangu ni karibu na hospitali. Kuna mtaalamu wa mazoezi. Kuna umeme wa uhakika, kuna choo cha ndani. Hapa atakaa tu akitazama ukuta."

"Na mimi?"

"Wewe una shamba, mama. Utakuwa unakuja."

Mahona alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hajabatizwa na hana mpango huo. "Mjini hamtamponya," alisema. "Huyu kafungwa mdomo na wazee waliotangulia. Kuna jambo wanadai. Atafutwe ng'ombe mweusi, yatolewe maombi yetu ya nyumbani."

Wakabishana juu ya kitanda, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na mwenye mwili amelala katikati. Mwisho Deogratias aliinama. "Baba, si unataka kuja kwangu?" Kasmiri akainamisha kichwa. Nikauliza mimi, "Unataka kubaki hapa?" Akainamisha kichwa.

"Unaona, mama," alisema Deogratias kwa upole. "Hajui anachotaka."

Anajua. Nimeona macho yake. Ila sina cha kumwonyesha mtoto wangu kama ushahidi. Tumekubaliana ukoo ukae Jumatatu ya Pasaka, uamue.

8 Februari

Jua. Tumo ndani ya Mambo ya Walawi, mahali pa magonjwa ya ngozi, nami nilitaka kuruka. Kasmiri aliushika ukurasa usigeuke. Nikasoma kwa kuvumilia, na katikati ya yale madoa na nywele nyeupe nikakutana na agizo kwamba kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kumfuata mgonjwa huko aliko. Mgonjwa hatakiwi kujikokota mpaka kwa kuhani. Nimekumbuka Kasmiri alivyokuwa akipanda baiskeli kwenda kwa wagonjwa wasiotembelewa na mtu, anarudi na matope hadi magotini, namkaripia kwa ajili ya suruali. Kumbe alitoa hapa. Alikuwa hasemi ametoa wapi, anafanya tu.

14 Februari

Mahona alikuja alfajiri na maksai wake akapalilia pamba yetu yote. Sikumwomba. Alipomaliza alikunywa maji, akakaa kidogo na kaka yake bila kusema lolote, akaondoka. Juzijuzi nimemwandika vibaya katika kichwa changu, hata kama si kwa kalamu.

17 Februari

Pamba imejikunja majani. Precious amekata kucha zote. Nilimuuliza kwa nini. "Zinamkwaruza baba nikimnyoosha vidole," alisema. Anamfanyisha mazoezi ya mkono kila asubuhi kwa kufuata video kwenye simu. Mahona alinung'unika kwamba mkwe kushika mkono wa baba mkwe si desturi. Precious aliendelea kunyoosha.

2 Machi

Hana, mama yake Samweli. Anasali midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli anamdhania amelewa. Eli alikuwa mtu wa dini maisha yake yote, na sala ilipokuja mbele yake hakuitambua. Nilipofika hapo aliingia jirani kumjulia hali Kasmiri, akamsemesha kwa kelele kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Wanadhani asiyesema hasikii. Kasmiri alimpa mkono wa kushoto akatabasamu nusu. Ningekuwa mimi ningegeukia ukutani.

Kila siku naona uvumilivu huu, na sidhani ni wa ugonjwa. Alikuwa nao tangu zamani. Ni mimi niliyekuwa siuoni kwa sababu ya mazungumzo yake mazuri.

5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padre alimletea Kasmiri majivu nyumbani. Jioni mvua. Tumesimama wote kibarazani tukiitazama.

12 Machi

Tumeruka mpaka Ayubu, kwa kuwa niliona ninamhitaji. Watu humlaumu sana Ayubu au huwalaumu sana rafiki zake. Mimi leo nimewaheshimu wale rafiki. Walitoka mbali, walikaa naye chini kwenye vumbi, wakanyamaza siku nyingi. Ni wangapi wangeweza hilo? Waliharibu pale walipoanza kueleza.

Deogratias alipiga simu kusema amekwisha andaa chumba, amepaka na rangi. Nilimjibu kwa ukali, nikakata. Baadaye sikujisikia vizuri. Ile rangi alinunua akimfikiria baba yake.

18 Machi

Leo lazima niandike kwa utaratibu nisije nikachanganya.

Nilikuwa shambani naangalia wadudu kwenye vitumba. Mvua ikaanza, nikakimbia nyumbani na khanga kichwani. Nilipofika nyuma ya jiko nilimsikia Precious anaimba wimbo wa matoleo, ule tunaouimba sote. Anaimba wakati wa mazoezi, mkono unapanda na kushuka kwa mapigo ya wimbo. Nimezoea. Lakini chini ya sauti yake kulikuwa na sauti ya mwanamume.

Nilifikiri Josia amerudi. Nikazunguka nyumba. Kibarazani walikuwa wawili tu. Kasmiri alikuwa amefumba macho na anaimba. Si mlio, si kuguna. Maneno. Maneno yote ya ubeti, yamekamilika, na ile sauti nzito niliyoolewa nayo.

Precious alinitazama akaendelea kuimba, akanionyesha kwa macho nisimkatize. Nilisimama pale kwenye matone ya bati mpaka wimbo ukaisha. Nikapiga magoti mbele yake. "Kasmiri. Sema jina langu."

Alifungua mdomo. Nikaona ulimi unatafuta. Hakuna kilichotoka. Akanitazama kwa huzuni ambayo sijaiona tangu wodini, nami nikajuta kumuuliza.

"Taratibu, mama," alisema Precious. "Imeanza juzi, kidogokidogo. Sikukuambia, niliogopa kama itapotea."

Alinisomea kutoka kwenye simu yake kwamba kuimba na kusema havikai sehemu moja ya ubongo, na kiharusi kinaweza kubomoa chumba kimoja kikaacha cha pili. Ameeleza vizuri, kama mwalimu. Nimekaa na msichana huyu tangu Januari nikimhesabia saa ya kuamka.

20 Machi

Tumeacha Ayubu tumeingia Zaburi. Sisomi tena, naimba kwa sauti yangu ya kuku, na Kasmiri anaingia kwenye kiitikio. Anazijua nyingi kwa moyo. Zile za kulalamika anaziimba kwa nguvu kuliko zile za kushukuru. Nilikuwa nikidhani mtu mwema huruka zile. Sasa naona ziliwekwa pale ili mtu aliyeshindwa kusema ya kwake apate ya kuazima, na aliyeziweka alijua tutazihitaji.

23 Machi

Nilimpigia Deogratias nikamwekea simu karibu, baba yake akaimba. Deogratias alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, nimefurahi. Lakini hayo ni mazoea. Hawezi kuniambia anaumwa wapi." Mahona naye amesikia, akasema ni kama redio, inaimba lakini huwezi kuiuliza kitu.

Kinachoniuma ni kwamba wote wawili wamesema kweli.

29 Machi

Precious ana wazo. Tuchukue sauti ya kiitikio cha zaburi ambayo Kasmiri ameiongoza mara nyingi zaidi, tuondoe maneno yake, tuweke maneno ya nyumbani. Ameanza leo. Anapiga polepole kwenye paja la kushoto la Kasmiri na kuimba, "Ninaomba maji." Anarudia. Anashusha sauti amwachie nafasi. Kasmiri anatoa sauti ya zaburi vizuri, ila maneno yanayotoka ni yale ya zaburi. Wamejaribu mpaka jasho likamtoka.

Nilimuuliza Padre kama ni makosa kuchezea sauti ya kanisani namna hiyo. Alifikiri, akasema Daudi aliimba akiwa anatafuta pa kujificha, haoni kwa nini Kasmiri asiimbe akitafuta maji.

2 Aprili

Hakuna.

4 Aprili

Hakuna. Precious amelia jikoni akidhani sioni. Nilimpikia matobolwa, ametokea kuyapenda viazi hivyo vikavu.

7 Aprili

Asubuhi nilimletea uji kama kila siku. Aliangalia bakuli. Akaanza kupiga paja lake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, mara kadhaa, na kwa sauti ileile ya Jumapili, mbele ya bakuli, akaimba: "Ninataka chai."

Precious aliacha ufagio ukaanguka. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja. Tangu Desemba nimemlisha uji mtu asiyetaka uji, na ameumeza wote.

Alikunywa vikombe viwili.

13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Hatukutoka, njia ni matope. Maneno aliyonayo mpaka leo ni machache: chai, maji, jua linachoma, nigeuze. Kila moja linamchukua muda mrefu, na mengine yanapotea kesho yake. Jina langu bado.

Nimemkanya Precious asimwambie Deogratias. Akisikia nusu nusu atasema ni redio tena.

21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Kikao.

Tulikaa uani: Deogratias na mkewe, Josia ambaye amepata ruhusa, Mahona na wazee wawili wa ukoo, Precious na mimi. Kasmiri tulimweka kwenye kiti chenye mito, amevaa shati jeupe.

Deogratias alisema kwanza. Nilijiandaa kukasirika. Alianza na habari za hospitali na chumba, kisha akasimama katikati ya sentensi. "Nitasema kweli," alisema. "Siku ile wodini baba alininyooshea mkono akafungua mdomo. Alitaka kuniambia kitu. Nilisubiri, hakuweza. Ninaiona ile picha kila nikikaa peke yangu. Nataka awe karibu, ili siku akiweza kusema niwepo. Sitaki nipigiwe simu."

Miezi yote hii nilidhani mtoto wangu anataka kuninyang'anya mume ili watu wa mjini wamsifu. Sikumwuliza hata mara moja kwa nini.

Mzee mmoja alisema maneno ya mwana ni mazito, afadhali mgonjwa aende. Mahona akasema yake ya ng'ombe, lakini kwa sauti ya chini. Josia alisema atakubali lolote. Walipogeuka kwangu, nilifungua mdomo, na kabla sijasema nikasikia mapigo. Kasmiri anapiga paja.

Deogratias alidhani ni maumivu, akanyanyuka. Precious akasema, "Shemeji, subiri kidogo. Naomba usubiri."

Kasmiri alivuta pumzi kama alivyokuwa akifanya pale mbele ya altare. Akaimba, kwa sauti ya zaburi inayojulikana na kila aliyewahi kuingia kigango chetu, neno kwa neno: "Sitoki hapa, ninakaa na Ernestina."

Na sisi tukaitikia.

Sijui niliandikeje. Hakuna aliyepanga. Watu wameisikia sauti ile miaka mingi, ikifika mwisho mdomo unajibu wenyewe. Nilimsikia Josia, nikawasikia wazee, nikamsikia hata Mahona ambaye kanisani huenda kwenye harusi tu. Ukoo mzima uliimba pale uani, "Sitoki hapa, ninakaa na Ernestina." Na Deogratias alikuwa anaimba pamoja nao. Alifika mwisho wa mstari ndipo akatambua amesema nini, akajifunika uso kwa mikono.

Mzee wa kwanza alikohoa, akasema, "Basi kikao kimekwisha," na wengine wakaanza kucheka, kile kicheko cha watu walionusurika.

Deogratias alikwenda akachuchumaa mbele ya baba yake. Kasmiri alimwekea mkono kichwani. Alijaribu kuimba kitu kingine, kilikataa. Alijaribu tena, kikakataa. Deogratias alisema, "Acha, baba. Siendi popote leo. Utaniambia." Alibaki mpaka jua lilipoteremka, akaondoka akiwa ameacha kwangu kile kiti cha magurudumu alichokuwa amekinunua kwa ajili ya chumba cha mjini.

Mahona alipokuwa anatoka aliniambia, "Shemeji, yule ng'ombe mweusi muache aendelee kula majani."

24 Aprili

Amesema jina langu mbele ya ukoo, na mimi nilikuwa nikingoja aliseme tukiwa wawili. Leo nimeliomba tena. Halikuja. Sikuhuzunika sana.

4 Mei

Vitumba vimeanza kupasuka. Precious amejifunza kuvuna, anachuma pamba safi kuliko mimi, na asubuhi wanawake wa jirani wakimwambia mwangaluka anawajibu sawasawa.

Tumefika Injili ya Luka, tumeruka manabii, tutawarudia. Nilikuwa nimejiandaa kusoma habari za Zakaria, yule kuhani aliyetoka hekaluni hawezi kusema. Nilikuwa nimeshavaa miwani. Deogratias akaingia na gari. Tangu kikao kile amekuja kila Jumapili, anasali kigango chetu, kisha anakaa.

Leo alivuta kigoda mpaka karibu na magoti ya baba yake. Alipiga paja lake mwenyewe, mapigo yakiwa hayalingani, akaimba kwa sauti ya zaburi: "Baba, uliniitia nini, siku ile wodini?"

Deogratias hajui kuimba. Hajawahi kujua, hata alipokuwa mdogo walimweka nyuma ya wenzake kwenye kwaya. Kasmiri alimtazama kwa mshangao, uso ukaanza kukunjamana upande mmoja, na akacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Novemba. Alicheka mpaka nikamfuta machozi. Deogratias naye akacheka, akaimba tena, vibaya zaidi.

Kasmiri alitulia. Akapiga paja. Ilichukua muda mrefu, maneno yalikuja na kukwama, akaanza upya, na mtoto wake hakumsaidia hata neno moja, alisubiri.

"Nilitaka," aliimba, "nilitaka ukalale. Ulikuwa umechoka."

Deogratias aliweka paji la uso juu ya mkono wa baba yake. Baadaye kidogo alipiga mapigo akauliza jambo lingine, na Kasmiri akatafuta jibu. Nilivua miwani nikafunga Biblia nikaenda kuchemsha chai.

Leo hatukusoma. Walikuwa wanaongea.